Mvua kubwa, dhoruba na maji ya pwani ya Tanga: dhana potofu na ukweli wake

Masika ikikolea, pwani yote kuanzia Moa hadi Kipumbwi hugeuka ndani ya siku chache. Maji yaliyokuwa ya buluu yanakuwa rangi ya udongo, nyavu zinarudi na magogo, mwani unapauka, na vituo vya afya vinapokea watu wengi wa kuharisha. Maelezo nayo huwa mengi, na yale ya kubahatisha yana gharama. Mmoja anang'oa mwani wake mapema bila sababu, mwingine anangoja mpaka mbegu zote zimeoza. Hapa chini tumechambua dhana zinazosikika mara kwa mara.

"Hapa hakujanyesha, kwa hiyo bahari haitabadilika"

Tunaanza na hii kwa sababu ndiyo inayoumiza wengi. Maji yanayoharibu pwani si lazima yawe yamedondoka pwani. Mto Pangani unakusanya maji tangu Kilimanjaro na Meru, na safari yake hadi baharini ni kilomita 500 hivi. Hata hivyo maji ya Kilimanjaro si ya kutia hofu sana, kwa kuwa yanapita kwanza katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na matope mengi hutua humo. Furiko linalofika Pangani mjini na Bweni hutoka zaidi chini ya bwawa hilo, kwenye mito ya Mkomazi na Luengera, inayobeba maji ya Pare na Usambara na kuungana na Pangani maeneo ya Korogwe. Mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani ina mabwawa madogo yasiyo na nafasi ya kuzuia furiko kubwa.

Sigi una tabia nyingine. Ni mto mfupi na mkali, unaoanzia milima ya Amani ambako kwa mwaka hunyesha karibu milimita 1,900, wakati Tanga mjini ni kama milimita 1,300. Mvua ya usiku mmoja Amani inaweza kulitia tope lango la Sigi kesho yake, huku mjini jua linawaka. Upande wa kaskazini kuna Umba, unaoingia baharini Vanga, ng'ambo kidogo tu ya mpaka, na tope lake haliulizi mpaka.

Kwa hiyo mkulima wa mwani au mvuvi anayetaka kujua wiki yake itakuwaje aulize hali ya Lushoto, Korogwe na Amani kabla ya kutazama wingu lililo juu ya kichwa chake. Kwa Pangani, tegemea siku moja hadi tatu kati ya mvua kubwa ya Korogwe na maji kuchafuka mlangoni. Kwa Sigi hesabu saa.

"Mvua inayonyesha juu ya bahari ndiyo inayopunguza chumvi"

Hesabu ndogo inatosha. Maji ya bahari yetu yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo. Chukua sehemu yenye kina cha mita 10, mimina juu yake milimita 100 za mvua, ambazo ni nyingi mno kwa siku moja, kisha changanya vizuri. Chumvi inashuka kutoka 35 hadi 34.65. Hakuna samaki atakayetambua.

Sasa nenda kwenye fungu la mwani wakati wa kupwa kwa bamvua, maji yamebaki sentimita 20. Milimita 50 tu za mvua zikinyesha hapo, chumvi inashuka hadi 28. Hapo mwani unaanza kuguswa. Mvua ya moja kwa moja ni tatizo la maji ya kifundoni na la wakati wa kupwa, na madhara yake huisha maji yakijaa.

Kinachobadilisha ghuba nzima ni mto. Milimita 100 za mvua juu ya kilomita moja ya mraba ya ardhi ni lita milioni 100. Hata udongo ukinywa theluthi mbili, zinabaki zaidi ya lita milioni 30 za kwenda baharini, na hiyo ni kilomita moja ya mraba tu. Bonde lililofyekwa miti hunywa maji machache zaidi, na linaongeza udongo ndani ya maji hayo.

"Maji ya mto yakiingia baharini huchanganyika papo hapo, bahari ni kubwa"

Ukubwa wa bahari hausaidii hapa. Katika joto letu, mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,022 hivi, na ya maji ya mto kilo 996. Tofauti hiyo inatosha kuyafanya maji matamu yaelee juu kama mafuta juu ya mchuzi. Tabaka lake linaweza kuwa la nusu mita au mita 2, na bahari ikitulia hukaa siku nyingi. Kinacholivunja ni upepo, mawimbi, na mikondo ya nguvu ya bamvua. Wakati wa maji mafu na upepo mdogo, lisitarajiwe kuondoka haraka.

Linaelekea wapi? Mkondo mkuu wa pwani ya Afrika Mashariki unaenda kaskazini mwaka mzima, na kusi linauongezea kasi. Kwa hiyo mwisho wa masika, kusi likianza kushika, maji ya Pangani huwa na mwelekeo wa kupanda kaskazini, upande wa Kigombe na Tongoni. Wakati wa vuli, kaskazi likiwa linaingia, mkondo hupungua na upepo huyabana maji karibu na ufuko. Ndani ya miamba, nyuma ya visiwa kama Yambe na Karange, kupwa na kujaa ndiko kunakoamua, na maji yanaweza kwenda na kurudi mahali pamoja kwa siku kadhaa.

Tabaka hilo lina madhara mawili ambayo watu huyachanganya. Walio juu, kama mwani wa kwenye maboya na matumbawe ya kilele cha mwamba, wanakosa chumvi. Walio chini wana chumvi ya kutosha ila wanaanza kukosa hewa, kwa sababu maji mepesi yamekaa juu kama kifuniko, oksijeni haishuki, na uchafu unaooza chini unaimaliza ile iliyopo. Mtu akipima maji ya juu peke yake, au ya chini peke yake, atapata jibu la nusu.

Kupima tabaka hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya kioo ya nusu lita, ifunge jiwe la kilo moja na nusu, itie kizibo kilichofungwa uzi wake wa pembeni. Ishushe ikiwa imezibwa hadi mita 2, vuta uzi kizibo kitoke, acha ijae mpaka mapovu yaishe, kisha ipandishe taratibu. Chota pia maji ya juu kabisa kwenye chupa ya pili. Ukiwa na refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), tone moja kutoka kila chupa linatosha, mradi uiweke sawa kwanza kwa maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri (si tindikali yake) au ya dawa, hadi isome sufuri. Huna kifaa? Pima lita moja kamili, chemsha mpaka ikauke kabisa, upime mabaki kwa mizani ya jikoni. Maji ya bahari kamili huacha karibu gramu 35. Ukipata 20 juu na 34 kwa mita 2, unajua maji matamu yapo na kwamba yanaishia kabla ya mita 2.

"Mwani umeoza kwa ugonjwa tu, hakuna la kufanya"

Weupe unaotokea kwenye vijiti vya mwani kisha vikakatika huanza na udhaifu. Bakteria huja baadaye kumalizia kazi. Chumvi ikishuka chini ya gramu 25 kwa muda, maji yakipata joto kupita kiasi, au mwanga ukikatwa na tope, mwani hudhoofika na bakteria waliokuwepo siku zote wanapata mlango. Aina ya mwani iitwayo kotonii huathirika mapema, ile iitwayo spinosamu huvumilia zaidi. Ndiyo maana mashamba mawili jirani yanaweza kupata matokeo tofauti kabisa kwenye mvua ileile.

La kufanya lipo, na linafanywa kabla ya maji kufika. Kwenye shamba la maboya, ongeza kamba ya mita 1 hadi 1.5 kati ya kila boya na kamba kuu, ili mwani ushuke chini ya tabaka la maji matamu. Kabla ya kushusha, angalia mwanga: zamisha sahani nyeupe iliyofungwa jiwe na kamba yenye alama kila sentimita 10, uandike kina inapopotea machoni. Mwani ukikaa chini ya mara mbili ya kina hicho haupati mwanga wa kutosha kukua. Kwa hiyo kushusha ni kwa siku tatu hadi tano, na unapandisha mara chumvi ya juu ikirudi 30 na zaidi. Wengi hushusha vizuri kisha wakasahau, mwani ukadumaa, lawama zikaenda kwa njia badala ya usahaulifu.

Kwenye shamba la vigingi huwezi kushusha, maana mwani tayari uko karibu na chini. Hapo vuna mafungu makubwa yaliyokwisha pita siku 30, kwa kuwa mzigo mzito ndio unaokatika kwanza mawimbi yakija, na kaza taitai (vikamba vya kufungia mwani) zilizolegea. Muhimu kuliko yote ni mbegu. Kabla ya masika, hamishia kamba chache kwenye maji ya kina zaidi, mbali na mlango wa mto. Mkulima mwenye akiba ya kamba kumi huanza tena bila kwenda kununua mbegu wakati ambao kila mtu anaitafuta. Mwani uliovunwa nao usilowe mvua ukiwa kwenye chanja, kwani maji matamu huuondolea chumvi na kuuozesha kabla haujakauka.

Wenye mabwawa ya mwatiko wana dhana yao inayofanana na hii, kwamba samaki wamekufa kwa sababu maji yamekuwa matamu. Mwatiko huvumilia maji matamu vizuri sana. Kinachomuua ni hewa kuisha chini ya tabaka la mvua, au tindikali. Udongo uliokuwa wa mikoko una madini ya salfa. Kingo zikikauka kiangazi kisha zikapigwa na mvua ya kwanza, tindikali hutiririka moja kwa moja bwawani. Mwaga chokaa juu ya kingo kabla ya mvua, na mvua ikishanyesha toa mbao za juu za lango ili maji ya juu yatoke na ya chini yabaki. Wengi hufungua chini, wakapoteza maji mazuri na kubaki na mabaya.

"Chumvi ya bahari inaua vijidudu"

Inapunguza baadhi, haiviui vyote, na kuna vinavyoipenda. Bakteria wa kipindupindu huishi vizuri kwenye maji ya chumvichumvi ya milango ya mito, wakijishikiza kwenye viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Mvua kubwa hushusha chumvi hadi kiwango wanachokifurahia, ikaleta chakula, na papo hapo ikafurisha vyoo vya shimo na mifereji ya mji. Kundi jingine la jamaa zao huingia kupitia jeraha. Mtu aliyekatwa na chaza au kuchomwa na mwiba kwenye maji ya tope aoshe kwa maji safi na sabuni papo hapo. Jeraha likivimba haraka, likawa jekundu au zambarau na homa juu yake, aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asiingie kabisa na kidonda kwenye maji ya namna hiyo.

Kwa kuoga, Raskazone au ufuko wowote ulio karibu na mfereji, ngoja siku tatu kamili baada ya mvua kubwa kukatika. Watoto ndio wanaokunywa maji wakicheza, kwa hiyo kwao sheria hii isilegezwe.

Chaza na kombe wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu wanakula kwa kuchuja maji na hukusanya ndani yao kilichomo majini. Usiwaokote karibu na mifereji wala milango ya mito mpaka wiki kadhaa zipite tangu furiko, na siku zote wapikwe mpaka waive kabisa. Kupika huua bakteria. Hakuondoi sumu ya planktoni, vile vimea vidogo mno vinavyoelea majini, na hilo linatupeleka kwenye dhana inayofuata.

"Maji yakishatakata, mambo yamekwisha"

Baada ya furiko mambo huja kwa zamu. Siku ya kwanza ni uchafu wa mjini: mafuta, takataka, maji ya vyoo. Siku ya pili na ya tatu tope la mto linafika. Tope likitua maji yanatakata, watu wanashusha pumzi, na hapo ndipo zamu ya tatu inapoanza. Mbolea ya mashambani na kinyesi vimeleta naitrojeni na fosforasi, na sasa mwanga unapenya. Planktoni huongezeka kwa kasi kati ya siku ya tatu na ya kumi. Maji yanaweza kuwa ya kijani, kahawia au mekundu. Zikifa zinaoza, oksijeni inashuka, zaidi usiku na alfajiri, na samaki wa chini wanaonekana wakihema juu.

Planktoni nyingi hazina sumu. Zipo zenye sumu, na sumu inayojikusanya ndani ya chaza haitoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kutia ndimu. Ukiona maji yamebadilika rangi bila tope, au samaki wamekufa wengi kwa pamoja, usile chaza wala kombe wa eneo hilo, na samaki waliookotwa wamekufa wasiuzwe. Toa taarifa kwa afisa uvuvi.

"Mvua nyingi, samaki wengi"

Kwa kambamiti, kuna ukweli mkubwa. Wanazaliwa baharini, wachanga wanaingia kwenye mikoko na milango ya mito, wanakua humo miezi kadhaa, na maji ya mvua ndiyo yanayowasukuma warudi nje. Ndiyo sababu eneo la Saadani hadi Bagamoyo, kati ya Wami na Ruvu, linajulikana kwa kambamiti. Mto usio na maji ya kutosha hauleti msimu mzuri.

Kwa pweza ni kinyume chake. Pweza hana uwezo wa kuhimili maji yaliyopungua chumvi, hivyo anashuka kwenye kina au anahama. Samaki wa miambani nao hufanya hivyo. Mara nyingi tunachoona ni samaki waliohama, na wingi wao uko palepale. Anayetega sehemu moja husema wameisha, wa upande wa pili anasema wameongezeka.

"Mvua inapoza bahari, kwa hiyo matumbawe yanapona"

Hapa pana mambo mawili tofauti. Dhoruba yenye upepo mkali kweli hupoza. Inakoroga maji, inayapandisha ya baridi kutoka chini, na wingu linazuia jua. Matumbawe yaliyo kwenye hatari ya joto yanaweza kupata nafuu hivyo, hata kama mawimbi yamevunja matawi kadhaa. Mvua tu, bila upepo, haipozi kwa kina chochote cha maana, na tope lake linayafunika. Tumbawe hujisafisha kwa kutoa ute, kazi inayokula nguvu zake.

Zaidi ya hapo, miaka ya mvua kubwa za vuli kwetu mara nyingi ni miaka ambayo upande huu wa Bahari ya Hindi umepata joto kuliko kawaida. Mvua na joto vina mzazi mmoja. Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilifurika Afrika Mashariki, na kati ya Machi na Mei 1998 matumbawe ya pwani hii yalipauka na mengi yakafa. Mvua kubwa ya vuli ichukuliwe kama onyo la kwenda kuangalia matumbawe ifikapo Machi.

"Vimbunga havifiki kwetu"

Ni nadra, kwa sababu tuko karibu na ikweta, na Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwake. Nadra haimaanishi kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuharibu hata majengo ya misheni ya Bagamoyo. Mwaka 1952 kimbunga kilifika Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia.

Na kimbunga hakihitaji kutua Tanga ili kitudhuru. Kila hektopaskali moja (kipimo cha kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa) inayopungua, bahari hupanda kama sentimita 1. Kanieneo ikishuka kutoka 1,010 hadi 980, tayari ni sentimita 30 kabla ya upepo kusukuma chochote. Mawimbi yanayopasukia mwambani yanaongeza maji ndani ya mwamba juu ya hapo. Sentimita 30 wakati wa maji mafu hazionekani. Zikija juu ya bamvua, ambayo kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji yanaingia majumbani na visimani. Hidaya ilifika siku nne kabla ya mwezi mwandamo wa tarehe 8, bamvua ikiwa bado haijakamilika. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, isome pamoja na kalenda ya mwezi: saa ya maji kujaa ni muhimu kama kasi ya upepo. Vyombo vivutwe juu ya alama ya bamvua kubwa, mashine zitolewe, na visima vya karibu na ufuko vifunikwe, kwani kisima kilichoingiwa na chumvi huchukua muda mrefu kurudi.

"Mikoko haiwezi kufa kwa tope, si inaota topeni?"

Inaota topeni, lakini inapumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Mizizi ya mchu inayochomoza kama vijiti ndiyo pua yake. Mashapo yakiifunika kwa mkupuo, mti unakosa hewa na kukauka polepole, mara nyingi miezi kadhaa baadaye, wakati watu wamesahau mvua. Baada ya mvua za 1997 na 1998, eneo kubwa la mikoko ya kijito cha Mwache, Mombasa, lilikufa hivyo.

Baada ya furiko, ingia kwenye mikoko wakati wa kupwa na rula mkononi. Pima urefu wa mizizi ya mchu iliyobaki juu ya tope kwenye miti kumi, uandike tarehe. Ikiwa imefunikwa kabisa, usipande miche mipya hapo msimu huo. Itakufa vilevile, na fedha ya miche itakuwa imepotea. Tafuta kwanza kama mfereji wa maji umezibwa, uzibuliwe ili kupwa na kujaa kuanze kulihamisha tope lenyewe, kisha upime tena baada ya bamvua mbili au tatu.